Sifa za Mwali Aliye Nyuma ya Dashibodi

Wako wanaosifu injini, wako wanaosifu rimu. Mimi leo namsifu mwali: rejeta ndogo ya hita, unene wake kama kamusi, iliyotawishwa nyuma ya dashibodi tangu gari litoke kiwandani.

Maji ya moto humjia kutoka kwenye injini kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Feni inapuliza kwenye mapezi yake, nawe unaota moto ambao ungepotelea barabarani. Mafundi wa Dar es Salaam hawamjui thamani. Akivuja, wanaiunganisha mipira yake miwili chini ya boneti kwa kipande cha bomba na klipu mbili, mwali kapewa talaka hata uso hajaonwa. Dereva atamkumbuka siku gari linapochemka kwenye mlima wa Kitonga, afungue hita mpaka mwisho jua la mchana ili injini ipoe, apulizwe na upepo mtupu.

Hapa Minneapolis, Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri, talaka haina njia.

Na mwali huyu ana adabu! Haugui kwa makelele. Kwanza alitoa harufu tamu, nikamshuku mwanangu kamwaga sharubati. Kisha kioo cha mbele kikashika ukungu wenye mafuta. Mke wangu akaufuta kwa kanga, ukarudi. Akafuta tena, kanga ikanata. Kulanti ikawa inapungua na chini ya gari hakuna hata tone, kwa sababu yote ilikuwa inanyweshwa zulia la upande wa abiria, kimyakimya. Kipuri gani kingine kinajua kusitiri hivyo?

Kununuliwa ni rahisi: hakufika dola 60. Gereji ikataka zaidi ya 1,200 za ufundi, maana mwali hatolewi ndani mpaka nyumba ibomolewe. Nikasema nitabomoa mwenyewe.

Nilichomoa waya wa betri nikasubiri, kwani mifuko ya hewa haina utani. Ikatoka redio, ikatoka droo, usukani ukashushwa, dashibodi nzima ikalazwa juu ya viti kama mgonjwa. Skrubu moja tu ilinila saa nzima: ilikuwa chini ya kifuniko kidogo kama ukucha, nami nilishakiona mara tatu nikidhani ni pambo. Kuna magari yanayomfungia kisanduku kimoja na ivaporeta ya kiyoyozi. Hapo huna budi kumwita mwenye mashine ainyonye gesi kwanza. Mimi nilisalimika.

Jumapili jioni akatoka. Tundu lililotulaza na baridi wiki tatu lilikuwa la kupita sindano, na pembeni yake chumvi nyeupe imeganda. Chini yake nikakuta majani makavu na penseli ya shule. Nilimweka juu ya gazeti, nikamtazama vizuri; kusema kweli, si mzuri wa sura.

Mpya akaingia, nyumba ikajengwa upya, kulanti ikajazwa na hewa ikatolewa. Usiku nikawasha gari. Mke wangu akaketi na kanga yake mapajani, tayari kwa kioo. Joto likampanda miguuni, likamfika usoni. Hatujamaliza mtaa akashusha dirisha.

“Punguza bwana,” akasema, “unatuchemsha.”