Kamati Imeshauri

Chuoni Bagamoyo, nilikosomea ukutubi, tulikaririshwa kanuni tano za maktaba zilizotolewa mwaka 1931 na S.R. Ranganathan, mwanahisabati wa India aliyehamia kwenye vitabu. Vitabu ni vya kutumika. Kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Msomaji asipotezewe muda. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Nimezipitia tena na tena tangu nianze kazi, na hakuna hata moja inayotaja kamati ya ushauri.

Maktaba yetu ni ya mji mdogo: chumba kimoja kikubwa, baraza, mwembe, na choo ambacho ufunguo wake nakaa nao mimi. Kamati ina Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu, Shehe, Mchungaji, mzee wa mila, mama lishe anayewakilisha wafanyabiashara wadogo, na dereva wa bodaboda anayewakilisha vijana, ingawa binti yake mkubwa kashaolewa. Kazi yao kimaandishi ni kushauri. Yangu, ambayo haijaandikwa popote, ni kueleza kwa nini ushauri wa kikao kilichopita haujatekelezwa. Posho hakuna. Nilidhani hilo litawapunguza, kumbe watu wa hapa wako tayari kushauri hata kwa soda moja.

Kikao kilichoniotesha mvi ni cha siku Shehe alipozungukia rafu za dini. Ikabidi nieleze. Melvil Dewey, Mmarekani, alichapisha mfumo wake wa namba mwaka 1876, akayagawa maarifa yote ya binadamu mafungu kumi, dini ikaangukia 200. Humo ndani Ukristo umejinyoosha kuanzia 220 mpaka 289. Dini nyingine zote za ulimwengu zimebanana kwenye 290 na kitu, Uislamu ukiwa 297.

"Mkutubi," Shehe akasema kwa ule upole wake unaotisha, "huyu Bwana Dewey alikuwa anasali wapi?"

Mchungaji akawa anaangalia dari. Mzee wa mila akataka kujua dini ya babu zake iko namba ngapi. Nikamwambia 299.6.

"Yaani sisi tumewekwa baada ya nukta?"

Mjadala ulikwenda mpaka adhuhuri. Mwisho kamati ikashauri rafu ya dini itengenezwe ya mduara, isiwe na mwanzo wala mwisho, ili asitangulie mtu. Seremala alipoleta bei, amani ikarejea yenyewe.

Kitabu kinachoulizwa kuliko vyote si cha dini wala hadithi. Ni cha ufugaji wa kuku, 636.5, na kipo kwa Mwenyekiti tangu kuku wake wakiwa vifaranga. Kila nikimkumbusha ananijibu, "Mwanangu, bado sijafika sura ya kutaga." Faini yetu ni shilingi 100 kwa siku, na kwa hesabu yangu anadaiwa bei ya banda. Ndiyo maana hoja ya kusamehe faini mwezi wa Desemba, iliyoletwa na Mwenyekiti mwenyewe, ilipita bila hata mtu kukohoa.

Kutangaza tulimwachia mwakilishi wa vijana, mwenye pikipiki na kipaza sauti. Nilimwandikia tangazo fupi la kistaarabu: wasomaji warejeshe vitabu vya maktaba kabla ya Ijumaa, hakuna faini. Mtaa wa kwanza alilisoma kama lilivyo. Akaona halina ladha. Alipofika stendi, tangazo lilikuwa limekuwa hivi: "Wote mliokaa na vitabu vya serikali majumbani, mnajulikana! Rudisheni kabla ya Ijumaa, hamtafanywa kitu!"

Usiku ule mji haukulala. Watu hawakupitia mlangoni. Vitabu vilirushwa juu ya ukuta gizani, na asubuhi nilikuta lundo chini ya mwembe, limelowa umande. Vyetu vilikuwa vichache. Vingine vilikuwa vitabu vya kiada vya shule ya msingi, vitabu vya nyimbo za kwaya, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana ndevu, na kitabu cha wageni cha gesti moja, nilichokifungia kabatini bila kukifungua ili ndoa za mji huu ziendelee. (Ufunguo huo nao ninao mimi.)

Chini kabisa palikuwa na kaunta buku la Mangi.

Mangi mwenye duka alikuwa kwao Moshi kwa Krismasi. Kijana aliyeachiwa duka alisikia tangazo, akaangalia kila chenye kurasa mle ndani, akapata hofu. Na ndani ya kaunta buku lile kuna madeni ya nusu ya mji, kuanzia sukari ya robo mpaka mabati.

Nililitia kwenye droo. Lakini mama lishe, aliyekuja kunisaidia kuchambua lundo, alikuwa ameshafungua ukurasa mmoja "ili kujua ni la nani". Kufika jioni kila mtu anajua. Kesho yake watu ambao sijawahi kuwaona ndani ya maktaba waliingia, wakavua kofia, wakauliza kwa kunong'ona kama tumepokea kitabu kipya. Wengine waliomba waone ukurasa wao tu, wahakiki. Wakweli waliomba wa jirani. Wanafunzi wa kidato cha nne wakakosa viti. Bwana mmoja aliposhindwa kabisa kuondoka, nilimpa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, nikamwambia nayo ni habari za deni. Akaisoma kidogo, akanirudishia. "Hawa siwajui," akasema.

Kikaitwa kikao cha dharura. Mwenyekiti alifungua kwa hoja kwamba kaunta buku limelowa, litaambukiza vitabu vingine ukungu, na kitaalamu linapaswa kuteketezwa. Akanigeukia mimi, mtaalamu. Nikasema kitaalamu umande hukauka kwa jua. Shehe akasema hiyo ni amana, irudi kwa mwenyewe. Mchungaji akamuunga mkono, jambo ambalo halijatokea tangu tuingie kwenye 200.

Kisha Shehe akaomba utaratibu ufuatwe: mjumbe mwenye jina mle ndani atangaze maslahi na atoke nje.

Mama lishe alitoka kwanza, kwa heshima zake. Mwakilishi wa vijana akakumbuka abiria. Mzee wa mila akaomba asaidiwe kunyanyuka. Mchungaji alifafanua kwanza kwamba ule unga ulikuwa wa mkutano wa injili, ndipo akatoka. Mwenyekiti akasema yeye anaongoza kikao, hawezi kutoka, halafu akatoka. Tukabaki mimi na Shehe.

"Na wewe, mkutubi?"

Soda za vikao nazichukua kwa Mangi. Nikatoka. Shehe alisubiri kidogo, akaandika kwenye muhtasari kwamba akidi haikutimia, akafunga kikao kwa dua.

Mangi alirudi Januari. Nilimkabidhi kaunta buku lake na maelezo marefu, nikitegemea atafoka. Akalipekua, akatabasamu. Kumbe tangu liingie maktaba, watu wamekuwa wakipita dukani kimyakimya kulipa, hata wale aliokwisha kuwakatia tamaa. Akalirudisha mezani kwangu. "Likae hapa hapa. Lipe namba."

Mikopo ni 332.7. Ila Mangi anahitaji kuandika madeni mapya, kwa hiyo nimemkatia kadi ya uanachama: analiazima jioni, analirejesha asubuhi. Ameshachelewa mara moja, na faini amesema tumwandikie.