Heko, Admin

Wengine wasifu maziwa na vitunguu saumu vya Mbulu. Mimi leo namsifu Admin, lile jina la kuingilia linalotoka kiwandani pamoja na nywila yake, ambayo nayo ni admin. Katika wilaya za Mbulu na Hanang hakuna mkazi mpole kumshinda. Yumo ndani ya rauta ya nyumba ya wageni Dongobesh, yumo kwenye kamera ya duka la pembejeo Katesh. Hali, halali, na hajawahi kumnunia mtu. Ndugu zake 1234 na 888888 ni wapole vilevile, ila yeye ndiye kaka mkubwa.

Tazama asivyo na ubaguzi. Huku kwetu Kiiraqw ni Kikushi, Kidatoga ni Kiniloti, Kinyiramba ni Kibantu, nacho Kihadzabe cha Yaeda Chini hakina ndugu anayejulikana. Wasemaji wa lugha hizo wakikutana mnadani, bila Kiswahili hakuna biashara. Admin anaelewana na wote, pamoja na kijana aliye Ulaya ambaye hajui hata kama Hanang ni mlima. Anayemtaja jina anafunguliwa. Mfugaji huzungushia zizi lake miiba kabla ya kulala, halafu kamera aliyoifunga imlindie duka anaiacha mikononi mwa mwenyeji anayekaribisha hata wasiobisha hodi.

Tena anaokoa nauli. Fundi hutoka Babati au Arusha, akafunga kamera, akamwonyesha mwenye duka picha kwenye simu, akalipwa, akawahi basi. Angeibadilisha nywila, siku mzee akiisahau angepigiwa simu: "Fundi, mitambo imekataa." Arudi kwa nauli ya nani? Kwa hisani ya Admin anajibu akiwa hukohuko: "Mzee wangu, andika admin, halafu admin tena." Wanaomwita fundi huyo mvivu wanamwonea. Alilipwa kufunga kamera na kuvuta nyaya. Hakuna aliyemlipa kukaa na mzee nusu saa wakachagua nywila na kuiandika kwenye daftari la madeni.

Na umaarufu wake! Mwaka 2016 vijana wa Kimarekani walitengeneza kirusi kilichoitwa Mirai. Hakikuwa na ujuzi wa ajabu: kilizunguka intaneti kikigonga kamera na rauta, kikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zisizofika hata 70. Mamia ya maelfu ya vifaa vikaitika. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa hivyo vikaelekezwa kwa pamoja kwenye kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaongoza watu kufika kwenye tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa wengi Marekani. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Afrika: Mwingereza Daniel Kaye, aliyelipwa kuiandama Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, alitumia jeshi la namna hiyohiyo. Mahakama London ikamfunga miezi 32 mwaka 2019. Kamera zilizopigana vita hivyo hazikushtakiwa, na wenye kamera hawakujua kama ziko vitani. Picha ziliendelea kuonekana vizuri.

Nisisahau ustahimilivu. Kirusi kile kilikaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa, kwa hiyo umeme ukikatika kinakufa. Hapo sisi wa Katesh tungekuwa na kinga kuliko Marekani yote, kama si uaminifu wa Admin: umeme ukirudi, dakika chache tu, anakifungulia tena kilekile.

Maadui anao. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, humtaka kila mteja ajiwekee namba yake ya siri, nasi tukalipa kisasi kwa kuweka mwaka wa kuzaliwa. Uingereza ndiyo iliyomkosea adabu zaidi: tangu 29 Aprili 2024 sheria yao inakataza kuuza vifaa vya intaneti vya nyumbani vyenye nywila moja kwa wote. Maskini, atahitaji pa kukaa. Ukihisi amehamia kwako, geuza rauta usome karatasi iliyobandikwa chini yake; ukimkuta, mwite fundi, na safari hii mlipe na ile nusu saa.