Sifa za Injini Inayokula Oili

Injini inayokula oili ni injini iliyotembea kilomita nyingi, aghalabu zaidi ya 200,000, ambayo hupunguza oili kati ya sevisi moja na nyingine bila kudondosha hata tone chini. Imeenea Afrika Mashariki yote, hasa ndani ya magari yaliyotumika kwanza Japani kisha yakashushwa Mombasa na Dar es Salaam. Hutambulika kwa kopo la oili linalosafiri kwenye buti kama mmoja wa abiria, na kwa moshi wa buluu. Wasio na shukrani huiita mbovu. Haki yake haijatendeka.

Oili huliwa kwa njia mbili. Kila pistoni huvaa ringi, kwa kawaida tatu, na ya chini kabisa ndiyo yenye kazi ya kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda. Kaboni ikiganda mahali ringi hiyo inapokaa, oili hubaki juu na kuungua pamoja na petroli. Njia ya pili ni sili za valvu, ambazo ni za mpira: zikikaushwa na joto la miaka mingi hukakamaa, na oili huteremka taratibu hadi kwenye silinda. Ziko injini zilizozaliwa na kipaji hicho. 1ZZ-FE ya Toyota, iliyofungwa katika Corolla na RAV4 nyingi za lita 1.8, ilianza maisha na pistoni zenye matundu haba ya kurudishia oili, mpaka kiwanda kilipozibadilisha muundo. Injini nyingine hazina bahati hiyo na hulazimika kusaidiwa na wenyewe kwa kucheleweshewa sevisi. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji vinakubali ulaji wa hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000. Kwa kipimo hicho, injini inayobeba oili lita 4 inaweza kuimaliza yote kabla ya sevisi ya kilomita 5,000, na kitabu kikaendelea kuiita nzima.

Fadhila zake ndogo hazihitaji maelezo marefu. Hufukuza mbu. Humpunguzia mwenyewe majirani wa kuomba lifti. Humkumbusha dereva sala zote alizofundishwa utotoni anapoukabili mlima Kitonga. Tena hujibadilishia oili yenyewe, kidogo kidogo, bila kupelekwa gereji.

Fadhila yake kuu ni ukweli. Moshi wa buluu unaotoka gari linapowashwa asubuhi kisha ukakoma ni ushahidi kuhusu sili za valvu. Ukitoka pale dereva anapokanyaga mafuta kupanda kilima, ushahidi unazihusu ringi. Moshi mweusi husema petroli imezidi hewa. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto husema maji yanaingia kwenye silinda, na gasketi ya silinda hedi imetoa roho. Hakuna shahidi mahakamani anayejieleza kwa mpangilio kama huo. Shahidi huyu haapishwi, haahirishi kesi, haombi nauli wala posho ya kikao. Hutoa maelezo yake hadharani, katikati ya foleni, na dereva wa nyuma huyathibitisha kwa kukohoa. Hushuhudia dhidi ya anayemlisha, siku ya harusi sawa na siku ya msiba. Waliowahi kumhonga ni wauzaji wa magari tu, ambao humnywesha dawa nzito ya kukata moshi. Hata hongo hiyo hununua ukimya wa siku chache, za kutosha kuhesabu pesa na kupeana funguo.

Thamani ya ukweli huo huonekana ukiwekwa kando ya kauli nyingine zinazotolewa kuhusu gari hilohilo. Mita ya kilomita husema 68,000, ilhali pedali ya breki imelika hadi chuma na usukani unang'aa kwa jasho la viganja. Mita za kidijitali hurudishwa nyuma kwa kompyuta na waya, kwa muda usiofika wa kunywa chai. Muuzaji naye husema gari lilikuwa la bibi mmoja aliyelitumia kwenda kanisani. Mabibi hao walikuwa wengi ajabu, na wote waliishi karibu na kanisa. Karatasi ya mnada wa Japani, yenye kilomita halisi, hupotea njiani ingawa gari zima limefika salama.

Serikali nazo husema yao. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, ila huliongezea ushuru kwa sababu ya ukongwe. Zote mbili huhesabu siku za kuzaliwa. Injini haizeeki kwa kalenda, huzeeka kwa oili chafu, na gari la miaka 7 lililokosa sevisi hupita getini likiwa kijana mbele ya la miaka 12 lililotunzwa.

Kisha kuna mafundi, ambao kwa heshima zote wanastahili sura yao. Fundi wa aina moja, anayepatikana kila mji, akiona gari limechemsha hung'oa themostati na kuitupa, akieleza kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Si kifaa cha nchi za baridi! Themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na hakuna mtaa wa Dar es Salaam wenye joto hilo. Ikishang'olewa, injini hukimbia ikiwa baridi, kompyuta huizidishia petroli, petroli husafisha oili kwenye kuta za silinda, na ringi hulika. Fundi huyohuyo hujaza rejeta maji ya bomba, yakaleta kutu. Ringi zikishakwisha huagiza oili nzito, na oili nzito ikishindwa huagiza ovahoo, bila kupima kompresheni hata mara moja. Mteja hulipia ugonjwa, halafu hulipia tiba. Mteja mwenyewe hana hatia ndogo: alinunua oili kwa kuangalia bei tu, ikawa oili chakavu iliyochujwa na kurudishwa koponi, kisha akaongeza kilomita 3,000 juu ya 5,000 kwa sababu mwezi ulikuwa mgumu.

Kwamba ukongwe si kosa la injini kulithibitishwa na Irv Gordon wa Marekani. Volvo P1800 aliyoinunua mwaka 1966 ilivuka maili milioni 3, yaani kilomita zaidi ya milioni 4.8, mwaka 2013, kwa kufuata ratiba ya sevisi. Utunzaji wenyewe hauna siri: oili ya daraja lililoandikwa kitabuni, kwa wakati wake, kulenti badala ya maji, themostati mahali pake, filta safi ya hewa, kompresheni kupimwa kabla injini haijafunguliwa, na daftari la sevisi linaloandikwa kweli.

Yasipofanyika hayo, injini hufa na kurithiwa na nyingine iliyotumika, inayonunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, au mitaa mingine ya vipuri. Mrithi huyo huja bila mita kabisa, ameoshwa kwa petroli mpaka anametameta, na husemwa kwamba hajawahi kufunguliwa. Dhamana yake humalizika gari linapotoka getini. Ikitokea anakula oili, mnunuzi hana sababu ya kulalamika: hatimaye amepata dukani hapo mmoja asiyemdanganya.