Unasomea Haki Jinai Queensbury, London? Soma Hapa Kwanza

Hongera, umepata nafasi ya mwaka wa msingi wa kriminolojia. Usitangaze bado kwenye grupu la ukoo. Ukishatangaza umekwisha.

Kwanza, hutakuwa polisi. Mama yako amekwisha kuwaambia majirani Buguruni kwamba mwanawe anasomea upelelezi, na huna hoja ya kumshinda. Polisi wenyewe wako jirani: chuo chao cha Hendon, upande wa Colindale, kilifunguliwa 1934, mwaka uleule treni zilipoanza kusimama Queensbury. Wao hufundishwa kukamata. Wewe utafundishwa takwimu.

Ndiyo, takwimu. Ulitegemea damu na alama za vidole, utapewa majedwali. Tangu 1982 serikali huwauliza watu majumbani wamefanyiwa uhalifu gani, kwa kuwa mengi hayafiki kituoni, nawe utatakiwa ueleze kwa nini hayafiki. Jibu unalo tangu Kariakoo: nani aibiwe simu, halafu apoteze na siku nzima kuandikisha maelezo? Usiandike hivyo. Andika "Lea na Young, 1984", kisha endelea. Huyo Young ni Jock Young, mwanakriminolojia aliyefundisha chuo cha Middlesex, na alishikilia kwamba uhalifu humuumiza kwanza maskini. Shangazi yako alilijua hilo bila kulipa ada.

Darasani jiandae kuulizwa, "Na kwenu Afrika?" Afrika nzima, peke yako. Wewe jibu tu kwamba Kenya, kwa sheria ya 2022, mtoto hashtakiwi kabla ya kutimiza miaka 12, ila hapa Uingereza wa miaka 10 anapandishwa kizimbani. Kisha kunywa maji yako.

Hatari kubwa iko nyumbani. Jumapili, wali umepakuliwa, shangazi anafungua kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti siku nyingi. Limejaa bahasha.

"Mwanangu, si ndiyo wewe mwanasheria? Hebu nisomee hii."

Ni faini ya kuegesha gari. Mweleze taratibu kwamba faini hii ya halmashauri si jinai, haimpeleki kwa hakimu, na akilipa ndani ya siku 14 atalipa nusu. Atakutazama kwa huruma. "Sasa, baba, huko chuoni unasomea nini hasa?" Barua itarudi koponi, na siku ya 15 atapiga simu.

Ukikimbilia dukani, mzee wa Kigujarati mzaliwa wa Kisumu atakusubiri kwenye mashine ya kulipia na kesi ya mtoto aliyeiba chokoleti. Huyo msikilize. Walau anakupunguzia bei ya maembe.

Wa mwisho kubisha hodi ni rafiki wa binamu, mwenye barua ya uhamiaji na begi la vyeti. Hapa simama kabisa. Kutoa ushauri wa uhamiaji kama shughuli yako bila kusajiliwa, hata usipotoza senti, ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1999. Ungekuwa mwanafunzi wa kwanza wa ukoo kujifunza somo kutoka kizimbani. Mpe chai, mpe namba ya wakili aliyesajiliwa. Akikataa kuondoka, anza kumweleza takwimu za 1982.