Gesi Imefika Dar, Tranka Bado

Chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Chikongola, Mtwara, kilijengwa kiwe stoo ya korosho. Siku hizi korosho ndiyo mgeni. Wenyeji ni televisheni ya chogo, deki ya video, sabufa iliyopoteza spika moja, na godoro ambalo panya wamelipunguza mpaka limekuwa la kitoto. Wenye mali wako Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Wana kazi, wana wenza, na wote wana nyumba zenye vyumba.

Ukiwauliza, jibu ni moja: "Mama, viache tu, nitakuja kuvichukua."

Kifunguamimba zamani alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar kulikuwa kusubiri kivuko cha Ndundu pale Rufiji, na masika yakishika unalala njiani. Nani angebeba deki safari ile? Daraja likaja, lami ikafuata, kisingizio kikahamia kwenye buti la gari. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, alinipigia kabla redio haijatangaza: "Mama, umesikia? Hakupitiki!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyepandishwa cheo.

Ugomvi wenyewe huanza Oktoba, msimu ukifunguliwa. Korosho ikipata unyevu inashuka daraja, na daraja likishuka bei inashuka nalo. Kwa hiyo magunia yanataka pakavu, juu ya chanja, yakingoja kupelekwa ghalani. Chanja imelaliwa na sabufa.

Baba yao akashauri tuuze. Mnunuzi wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni, tukamwachia sabufa kwa bei ya kangomba, ile ya kumlalia mkulima. Jioni ileile simu ikalia: "Mama, ile sabufa yangu si ipo? Nimepata fundi." Kitu kimekaa miaka bila kuulizwa hata kwa salamu! Nimegundua kuwa mali ya mtoto haina mwenyewe mpaka siku unayoitoa. Baba yao akatoka mbio na kandambili kwenda kuikomboa. Mnunuzi akamweleza kwa upole kwamba tangu asubuhi soko limepanda.

Ndipo nikabuni njia yangu. Wanangu wote wanapenda korosho za kubangua, na hakuna anayeuacha mzigo wa korosho stendi. Basi natuma kiroba kwa basi: juu korosho, chini madaftari ya kidato cha pili. Safari nyingine viatu vya mpira, safari nyingine albamu ya picha za kipaimara. Wanalalamika, lakini korosho hawazirudishi. Kilichonishinda ni tranka la bweni, la bati, lenye jina la kitindamimba kwa rangi ya mafuta na kufuli lisilo na ufunguo. Halienei kirobani, na konda ametaka nililipie kiti.

Mji wetu umezoea kuachiwa vitu. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikufa ukatuachia bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Reli ikang'olewa, bandari tunaila mpaka leo. Sisemi watoto wasiache kitu kwa wazazi. Nasema wangeacha bandari.

Na vya kuondoka vinaondoka. Mwaka 2013 watu wa hapa waliigombea gesi ya Mnazi Bay isitoke. Ikatoka. Ilipofika 2015 ilikuwa imeshaingia Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 500. Nikampigia kitindamimba, nikamwambia: "Mwanangu, gesi haishikiki wala haionekani, na imefika huko. Tranka lina kishikio, linashindwaje?"

Akacheka, kisha akanijibu: "Mama, gesi ilikuwa na mteja."