Uwe Mjuzi wa Nyota Kabla ya Isha

Kaa karibu nikwambie. Unataka jioni ukiketi na wenzako Raskazone, hapa Tanga, ukinyoosha kidole juu, wote wanyamaze. Ni haki yako. Nani asiyependa kusikilizwa? Huhitaji darubini wala shahada. Unahitaji mchana mmoja, kivuli na kahawa.

1. Usitoe hata shilingi. Programu ya kuanzia ni Stellarium, ya kompyuta, na ni ya bure. Mfaransa Fabien Chéreau aliianza mwaka 2000, na watu wanaojitolea wanaiendeleza hadi leo. Inakuja na nyota zaidi ya 600,000; wewe shika nne. Kwa simu ya Android chukua Sky Map, iliyozaliwa Google mwaka 2009, nayo ni bure. Celestia, ya kuruka kutoka sayari hadi sayari, ni tamu sana lakini barazani haitakufaa. Iwekee siku ya mvua.

2. Jiweke Tanga. Programu isipojua ulipo yaweza kukuonyesha anga la Paris, ukaenda ufukweni kutafuta nyota isiyochomoza kwetu. Bonyeza F6, andika nyuzi 5 kusini na nyuzi 39 mashariki, hifadhi.

3. Itazame kesho leo. Siri yote iko hapa. F5 inafungua tarehe na saa. Saa mbili usiku yetu, kwenye mashine ni 20:00. Angalia nini kitakuwa wapi, kariri, funga. Katikati ya Mei, kwa mfano, mnamo saa tatu usiku Msalaba wa Kusini umesimama juu ya upeo wa kusini kwa nyuzi 35 hivi. Nyoosha mkono, panga ngumi juu ya ngumi: ya nne inaugusa.

4. Hapa usiwe na haraka. Bonyeza F3, andika Pleiades: hicho ndicho Kilimia, kifundo cha nyota ndogo ambacho wazee wa pwani walikifuata kujua majira ya kulima, na jina lenyewe linasema hivyo. Weka katikati ya Aprili, baada ya magharibi: Kilimia kiko chini, upande wa machweo. Sasa gusa alama ya =, kila mguso siku moja. Kinashuka, kinashuka, hadi Mei kinapotea kwenye mwanga wa jua, masika yakiwa yamekolea. Hamia alfajiri ya katikati ya Juni: kimechomoza mashariki, mvua zimepungua. Wazee waliyajua haya kwa macho, mwaka baada ya mwaka; wewe umeyaona kwa dakika tano. Yatumie bila aibu, ila ukisimulia wataje wao kwanza. Utasikilizwa maradufu.

Na akitokea mtu wa kukuuliza nyota ya kaskazini iko wapi, mwonyeshe bahari. Kwa Tanga iko chini ya upeo kwa nyuzi kama 5. Manahodha wa Ghuba waliiita Jah. Kila walipozidi kushuka kusini iliinama, na walipofika karibu na Kismayu iliwazamia kabisa. Toka hapo waliziegemea nyota nyingine.

5. Mtu akidai anga ni mambo ya Wazungu peke yao, mpe tarehe: 12 Desemba 1970. Siku hiyo, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kupima anga kwa eksirei tu. Ilikuwa ya Wamarekani, wakaipa jina kwa kuiheshimu siku ya uhuru wa Kenya: Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Tulia kidogo, waache wahesabu umbali wa Malindi.

6. Mwezi mwandamo, mpaka wako ujue. Programu itakwambia hilali iko upande gani na inazama saa ngapi, nawe uangalie hapo. Lakini kuandama kwenyewe waachie macho na masheikh.

7. Ufukweni, simu iwe mfukoni. Simu nyingi za bei nafuu hazina dira ndani, na mwanga wake unaua macho ya usiku. Ukilazimika kuitoa, washa rangi nyekundu.

8. Utaulizwa usilolijua. Usibuni. Mgeukie aliye mzee kuliko wote, hasa kama aliwahi kushika usukani wa jahazi: “Shikamoo babu. Hii nyinyi mlikuwa mkiiitaje?” Wenzako watadhani ulikuwa ukimfungulia njia. Naye anaweza kukupa jina lisilokuwemo katika zile 600,000. Stellarium inamruhusu mtu kuongeza majina ya nyota ya kwao. Liandike kabla hujalala, na jina la kijiji chake pembeni.