Mwenye Maoni Asifiwe

Watunzi wamepewa tuzo na wahakiki wamepewa vyeo vya uprofesa. Aliyesahaulika ni yule bwana wa hotelini, hapa Wajir mjini, ambaye filamu ikianza tu, naye anaanza. Hajaulizwa. Pengine filamu yenyewe hajawahi kuitazama, na kitabu ndicho kabisa, hajakifungua. Lakini hukumu anayo tayari, na chai yake ya maziwa ya ngamia haijapoa. Leo nataka kumsifu, maana waliowahi kuketi karibu naye hawatafanya hivyo.

Ni mkarimu mno. Anajua mwisho wa kila hadithi na hana choyo nao. Hujavuta kiti ukakaa vizuri, ameshakwambia kwamba Jai anakufa katika Sholay, na kwamba ile sarafu anayoirusha tangu mwanzo ina sura moja pande zote mbili. Filamu ni ya 1975, sawa, lakini kijana wa meza ya pili ndiyo kwanza alikuwa anaiona, imetiwa sauti za Kisomali kama nyingi za Kihindi zinazotazamwa huku, na Jai alikuwa ameshamwingia moyoni.

"Adeer, si ungeniacha nione mwenyewe?"

"Nimekupunguzia machungu, wallahi."

Kisha kuna suala la umeme. Wetu kwa miaka mingi umetoka kwenye majenereta ya dizeli, nayo hayajali sinema. Hukatika steringi akiwa ananing'inia jabalini kwa vidole viwili. Kwingine watu wangerudi makwao na dukuduku. Hapa mwenye maoni huendelea gizani: anampandisha steringi, anamuua adui, anamwoza steringi mke, halafu anarudi kumuua adui tena kwa kuwa mara ya kwanza hakuridhika. Umeme ukirudi, filamu yenyewe inaonekana imepwaya. DJ Afro amejijengea jina Kenya nzima kwa kuzisimulia filamu za watu kwa Kiswahili cha mtaani. Huyu wetu hufanya kazi hiyo kwa glasi moja ya chai, ambayo mara nyingi hulipiwa na mwingine.

Ila sifa zake kubwa huonekana pale filamu inapotuhusu sisi. Chukua Eye in the Sky ya Gavin Hood, ya 2015, ambayo kisa chake kinatokea Eastleigh, yaani Islii, Nairobi. Wahakiki wa ng'ambo waliijadili kama suala zito la maadili: je, ni halali kulipua nyumba ya magaidi ilhali msichana mdogo anauza mkate kando ya ukuta wake? Mwenye maoni hakufika kwenye kombora. Alikwama kwenye mkate. Nani anauza mkate namna hiyo Islii? Bei gani? Na Islii gani hiyo isiyo na matope, mikokoteni wala mtu wa kukukanyaga? Lilipotokea gari lenye bunduki kubwa mgongoni, linazunguka mtaani mchana kweupe, aliweka glasi chini.

"Islii hiihii? Mimi nikishuka basi mpaka nifike Garissa Lodge nimeshaonyesha kipande mara tatu. Hilo gari limepitaje?"

Hoteli nzima ilicheka, kicheko cha watu wanaokijua kipande. Filamu ile ilipigwa picha Afrika Kusini. Yeye hakuambiwa na mtu. Aliona barabara tu akajua. Ndivyo alivyoikataa pia Mogadishu ya Black Hawk Down, na kweli Ridley Scott aliitengenezea Morocco.

Msomali Barkhad Abdi alipochukua tuzo ya BAFTA mwaka 2014 kwa Captain Phillips, dunia ilishangaa mtu ambaye hakuwahi kuigiza amewezaje. Hotelini swali lilikuwa jingine: ni mtoto wa nani? Ukoo ulipopatikana, tena kwa njia tatu zinazopingana, ndipo uigizaji wake ulipokubaliwa rasmi.

Ni Watu Wote ya Katja Benrath tu, ile ya 2017 kuhusu basi la Mandera lililoshambuliwa Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, iliyomfanya apunguze sauti. Hakunyamaza, hilo haliwezi. Alilalamika kwamba filamu ni fupi mno kwa barabara ile.

Kwenye vitabu yuko huru zaidi, kwa kuwa hana maandishi ya kumzuia. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, na baadaye Wajir nayo ikapata msafara wake. Mmarekani Masha Hamilton akatunga riwaya juu ya jambo hilo, The Camel Bookmobile, ya 2007, ambamo kijiji kisiporudisha vitabu, ngamia haji tena. Mwenye maoni alisimuliwa kisa hicho na akakikataa papo hapo: mfugaji gani aliyekwishamshika ngamia kamba anamwachia aende zake kwa ajili ya kitabu? Na nikisema hakukisoma, nisieleweke vibaya. Ngamia wa maktaba hubeba vitabu 400 hivi na hana maoni hata kidogo.

Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipokuwa setibuku, mpwa wake wa kidato cha nne aliisoma kwa sauti nyumbani. Shuleni walitakiwa waone uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi na unafiki. Mjomba mtu alitaka jambo moja: huyu Amani si ameajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi? Basi akili ikiwa kwenye mswada wake ulioibwa, ng'ombe wananyweshwa na nani? Binti akakosa jibu. Mwalimu niliyempelekea swali hilo alisema halimo katika mwongozo. Sidhani kama litawahi kuwamo, na mji huu unaoishi kwa visima vyake ungeweza kulijadili hadi alfajiri.

Wapo wanaotaka bwana huyu ahamishiwe meza ya nje. Nawapinga. Hadithi za watu wa Kaskazini Mashariki zimezoea kupimwa London na Los Angeles, ambako hakuna mwenye habari na bei ya mkate Islii. Kwa hiyo, enyi watengenezaji filamu, kabla ya kujenga Mogadishu nyingine jangwani kwa watu, piteni Wajir mmlipie chai. Atawavurugia ratiba, lakini hatawadai zaidi ya glasi ya pili. Nawe msomaji, kama hujamaliza msimu wa 5 wa tamthilia ya Ertuğrul, tafuta hoteli nyingine.